Giaboksi ya Otomatiki: Tupime Kabla ya Kufungua



Pikapu kuukuu ya dizeli inayobeba ndizi na viazi katika milima ya Rungwe huichosha giaboksi yake. Ikianza kuchelewa kushika gia, au injini ikinguruma pasipo mwendo kuongezeka, tusikubali upesi kuambiwa kwamba giaboksi imekufa.

Tuanze na mafuta yake. Katika magari mengi yenye kijiti cha kupimia, mafuta hayo hupimwa yakiwa ya moto, gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwaka. Kwa kawaida huwa mekundu. Yakiwa meusi na kunuka kuungua, klachi za ndani zimeanza kuharibika.

Kidhibiti mwendo nacho kikigoma, tuzitazame taa za breki na swichi iliyo kwenye kanyagio la breki. Mshale wa spidi ukirukaruka, tuishuku kwanza sensa ya mwendo. Katika magari mengi, sensa hiyo huongoza pia ubadilishaji wa gia. Kuibadilisha ni nafuu kuliko kununua giaboksi.

Wakati wa mvua na kwenye miteremko, kidhibiti mwendo kizimwe. Tushuke kwa gia ndogo, wala tusiweke N.

Kabla giaboksi haijafunguliwa, tudai makadirio ya maandishi; baada ya kazi, tudai risiti na vipuri vilivyotolewa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, lakini asiye na ushahidi hupata taabu kuitetea haki yake.