Fundi wa Stesheni ya Dameski



 Bujumbura haina reli. Msafiri huvuka ziwa mpaka Kigoma, ambako reli itokayo Dar es Salaam ilifika mwaka 1914. Wanaongojea gari katika stesheni ile hawaulizi ni mkono wa nani ulioichora. Ndiyo hali ya mafundi: kazi hubaki, jina husahauliwa. Basi na litajwe jina la fundi mmoja, ambaye stesheni yake ni ya reli iliyojengwa kwa sadaka za Waislamu.

Mwaka 1900 Sultani Abdulhamid II aliamrisha ijengwe reli kutoka Dameski, katika nchi ya Sham, hata Madina, ili mahujaji wapunguziwe taabu ya msafara wa ngamia uliochukua siku 40 hivi. Waislamu wa Misri, Bara Hindi na kwingineko walichanga, tajiri kwa chake na maskini kwa chake. Mwaka 1908 gari la moshi likaingia Madina, mwendo wa kilomita 1,300 hivi.

Stesheni kuu ya Dameski, iliyokamilika mwaka 1913, ilichorwa na Fernando de Aranda, Mhispania aliyezaliwa Madrid mwaka 1878. Baba yake alikuwa mwalimu wa muziki katika jumba la Sultani mjini Istanbul, na huko ndiko mtoto alikokulia. Elimu ya Kizungu alikuwa nayo, wala hakuidharau sanaa ya wenyeji. Ukumbi wake una dari ya mbao yenye rangi na nakshi, mfano wa majumba ya kale ya Dameski, na madirisha ya vioo vya rangi.

Vita vya 1914 hata 1918 viliivunja reli, na sehemu ya kusini iendayo Madina haikufufuka. Magari hayaingii tena katika stesheni ile, lakini jengo limesimama. Naye Aranda hakurudi kwao: alisilimu, akafa Dameski mwaka 1969, akazikwa katika makaburi ya Waislamu.

Je, senti ya maskini imepotea kwa kuwa reli imekatika? Hasha! Mtoaji hulipwa kwa nia yake. Na mgeni je? Buyenzi yenyewe ilikaliwa na watu waliotoka Ujiji, Manyema na kwingineko. Basi asidharauliwe mtoa kidogo, wala asifukuzwe mgeni mwenye ujuzi; huenda mkono wake ukajenga nyumba itakayowadumu wenyeji, naye akawa ndugu yao mpaka kaburini.