Bombo za karanga na kakao kwa Pasaka

(Mazungumzo ya memba mmoja wa komite ya wamama kwenye mkutano wa shirika, Bihambwe, majuma machache mbele ya Pasaka. Tumeyaandika vile yalivyosemwa, tumepunguza tu marudio.)



Nimeombwa kufundisha namna ya kutengeneza bombo za karanga na kakao. Wenzetu wa Tanzania na Kenya wanasema pipi, sisi tunasema bombo. Lakini mbele ya kuwasha mbabula, niseme juu ya neno ambalo limezunguka toka mkutano uliopita: "Nyumba zingine hazijapata mabati, mbegu ya maharagi haitoshi, na ninyi muko mu mambo ya bombo?"

Neno hilo ni la haki, na aliyelisema asione haya. Jibu langu ni hili: hakuna franka hata moja itakayotoka mu kese ya mbegu ao ya mabati. Pesa ambayo marafiki walituma kwa kazi fulani inabaki ya kazi hiyo. Wamama kumi kumi wanachanga kidogo kidogo, vile tunafanya kwa AVEC, wananunua vitu, wanapika pamoja. Nusu ya bombo ni ya watoto wetu. Nusu nyingine inauzwa siku ya soko mbele ya Pasaka, na kila mama anarudishiwa mchango wake. Faida ikipatikana, muzuri. Isipopatikana, hakuna deni juu ya kichwa cha mtu.

Na kwa nini bombo, si sabuni? Sabuni tutaifanya, iko ku programu. Lakini fikirieni watoto wetu. Wengi wao wamekaa Bulengo, Lushagala, Rusayo. Wengine walizaliwa pale. Mtoto aliyezaliwa mu kambi anajua kwamba kitu kizuri kinashuka ku kamio, kwamba mama anapanga mustari na jetoni mu mkono, na kwamba siku ingine mustari unaisha mbele ya mama kufika. Pasaka ya 2025 ilikuwa tarehe 20 ya mwezi wa nne. Wengi wetu tulikuwa tumetoka mu makambi mwezi wa pili tu, tukiwa bado chini ya bashi, tukikata majani mu mashamba yaliyogeuka pori. Hakuna aliyefikiri juu ya sikukuu. Mwaka huu ninataka mtoto aone kitu kitamu kinatoka mu sufuria ya mama yake, na yeye mwenyewe amepepeta zile karanga.

Tena, shirika letu si la kabila moja wala la kanisa moja. Wandugu Waadventista na Waislamu, hii bombo haina ubatizo. Mupike siku yenu mtakayo. Na watoto wa jirani ambao hawakukimbia, waliobaki hapa, nao wanakula. Mukigawa kwa watoto wa warudi peke yao, basi mumepanda ugomvi, na ugomvi unaota haraka kuliko maharagi.

Sasa jambo moja zito, na nitalisema bila kuzunguka. Nimesikia mama mmoja akisema: "Lakini si tuko na plampi? Tuchanganye na kakao, kazi imekwisha." Hapana. Plumpy'Nut ni pate ya karanga, ndiyo, yenye maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Iligunduliwa 1996 na munganga Mufaransa, André Briend, pamoja na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset. Akili yake ni kwamba haiombi maji wala moto, kwa hiyo mama anaweza kumupa mtoto nyumbani bila kuogopa maji machafu. Pakiti moja ina gramu 92 na kalori 500. Inahesabiwa kwa kilo za mtoto fulani, kwa juma fulani. Ukitoa pakiti mbili kwa kutengeneza bombo za kuuza, umetoa siku ya mtoto anayevimba miguu. Ni dawa, hata kama ni tamu. Na kinyume chake pia: bombo zetu haziponyeshi utapiamlo. Mtoto mwenye nywele nyekundu na miguu iliyovimba anaenda ku santé, haendi ku sufuria yangu.

Tuje kwa karanga. Hapa juu baridi ni nyingi, karanga haipendi, kwa hiyo zetu zinapanda kutoka kule chini kwenye joto, Rutshuru ao Walikale. Zimesafiri, zimelala mu mifuko, na mara nyingi zimenyeshewa. Hapo njo hatari iko. Karanga iliyolowa inaota ukungu, na ukungu ule unaacha sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hiyo inaharibu ini, na inadumaza mtoto anayeila kidogo kidogo kila siku. Musiseme "moto utaiua". Kukaanga kunapunguza tu, hakumalizi. Na kusaga ni kubaya zaidi, juu karanga moja mbaya inaenda mu pate yote na haionekani tena. Kwa hiyo tunachambua mara mbili. Mara ya kwanza zikiwa mbichi: toa zilizokunjana, zenye rangi ya kijani ao nyeusi, zilizopasuka, zenye harufu ya vumbi ya nyumba iliyofungwa. Mara ya pili kisha kukaanga na kutoa maganda, juu zingine zinaficha ubaya wao chini ya ganda. Yenye uchungu mu kinywa, tema.

Na zile mbaya musizitupie kuku wala ngombe! Hapa Masisi sisi ni watu wa maziwa. Ngombe akila chakula chenye ukungu, sumu inapita mpaka ku maziwa yake, na maziwa yale utampa mtoto yule yule uliyetaka kumulinda. Chimba shimo, fukia.

Kakao nayo. Wengi munafikiri inatoka Ulaya, juu mumeiona paka mu kopo lenye maandishi ya Ulaya. Kakao ni ya Kivu yetu. Inalimwa kule Beni, kule bondeni kwenye joto, na mbele kidogo Mambasa mu Ituri. Wakulima wa kule wameilipia sana. Kuna waliouawa mu mashamba yao, kuna walioona mavuno yakibebwa na wengine. Mbegu kavu zinavuka mupaka mu mifuko, na mwenye kulima hajui chokoleti iko na ladha gani. Kidogo kimeanza kubadilika: Mutwanga, chini ya Ruwenzori, kulifunguliwa kiwanda cha chokoleti cha Virunga chenye kutumia umeme wa maji ya mulima ule ule. Mutu akiuliza kama Mukongomani anaweza kutengeneza chokoleti, muambie juu ya kiwanda hicho.

Lakini chokoleti ya kiwanda hatuwezi kuifanya hapa, na sitawadanganya. Inaomba mashini ya kusaga mbegu mpaka ziwe laini kama mafuta. Sisi tunatumia poda ya kakao ya Goma, ile ambayo wamekamua mafuta yake. Muangalie kopo muzuri: poda ya kinywaji ya watoto imechanganywa na sukari, ukipika nayo bombo inakuwa tamu bila harufu. Tunataka poda iliyo chungu, yenye kakao peke yake. Bei ilipanda sana 2024, wakati kakao ilipita dola 10,000 kwa tani mu masoko ya dunia. Kwa hiyo nunueni kopo moja kwa kikundi, si kwa nyumba.

Mapishi. Kikombe kiwe kimoja kwa vyote, hata kiwe cha plastiki. Sukari vikombe 2. Maziwa freshi nusu kikombe. Poda ya kakao vijiko vikubwa 4. Siagi yetu ya kibuyu vijiko 2. Chumvi ya kubana na vidole. Pate ya karanga kikombe 1, ambayo inaomba karanga kama vikombe 2 zilizokwisha kuchambuliwa. Unakaanga kwa moto mdogo mpaka zinukie, unatwanga mu kinu kikavu, unatwanga na kutwanga. Kwanza ni unga, kisha ni tope, kisha mafuta yanatoka yenyewe. Musiongeze maji hata tone. Karibu nusu ya karanga ni mafuta, vumilieni tu, mkono utauma na mafuta yatakuja. Maji mu pate yanaharibu kila kitu.

Sukari, kakao, chumvi na maziwa vinaenda ku sufuria pamoja. Koroga mpaka sukari iyeyuke, kisha acha kukoroga. Hapo wengi wanashindwa, mwiko unawawasha mkononi. Ukikoroga wakati inachemka, sukari inarudi kuwa mchanga. Pangusa tu kandokando ya sufuria na kitambaa safi kilicholowa.

Mu vitabu wameandika dakika na digrii. Musifuate. Hapa mu milima maji yanachemka mbele ya kufika digrii 100, kwa kila metre 300 ya kupanda inapungua kama digrii moja. Tazameni maji ya baridi: tone kidogo mu kikombe cha maji. Likitawanyika, bado. Likikusanyika na kuwa kidonge laini unachoweza kufinya, toa sufuria ku moto mara moja. Likiwa gumu kama jiwe, umepita, ongeza maziwa vijiko viwili na urudishe ku moto. Mutoto anapenda sana kazi hii ya kidonge, lakini sukari inayochemka inaunguza kuliko maji, na inashika ku ngozi. Watoto wakae mbali, mtu mzima njo anadondosha, wao waangalie ndani ya kikombe.

Kisha tia siagi na pate ya karanga, sasa koroga kwa nguvu, mpaka mng'aro upotee. Ikipoa kiasi cha mkono kuvumilia, paka mikono siagi, viringisha mayai madogo kama ya njiwa. Yatatoka kama 40. Baridi ya Bihambwe ambayo tunailaumu kila usiku, leo inatusaidia: hatuna frigo na hatuihitaji.

Kufunga. Ninajua karanga za barabarani zinafungwa mu karatasi za kaye zilizoandikwa. Mafuta yanakunywa wino. Mimi ninachukua jani la ndizi, ninalipitisha juu ya moto mpaka lilainike, ninapangusa, ninakata vipande. Ni bure, na bombo inaonekana kama zawadi. Kuna mutu anaitwa Harry Burnett Reese, kule Pennsylvania mu Marekani, aliyekuwa na watoto 16. Alianza kupika bombo chini ya nyumba yake, na 1928 akaanza kuuza vikombe vya chokoleti vyenye pate ya karanga ndani. Leo zinauzwa dunia nzima, na kwa Pasaka wanazifanya mu sura ya yai. Sisemi tutakuwa kama yeye. Ninasema tu kwamba mzee yule naye alikuwa na vinywa vingi nyumbani.

Juu ya kuuza: bei sitaitaja, soko linabadilika kila juma. Mukae kikundi, muandike sukari, karanga, kakao, makala, na nauli ya aliyeenda Goma. Makala wamama wanayasahau kila mara, kama vile yanaota mu uwanja! Gawanya kwa 40, ongeza kidogo. Bombo zenye maziwa ziuzwe mu juma moja, zisikae mpaka sikukuu ingine.

Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, inaweza kumukaba. Pate iliyotwangwa muzuri ni afadhali, na kipande kiwe kidogo. Na mtoto akila akavimba midomo ao akaanza kupumua vibaya, musingoje, mumukimbize kwa munganga, na asile karanga tena.

Tunaanza siku ya nne kisha misa na culte, mu uwanja wa nyuma ya ofisi. Kila kikundi kilete kinu kimoja kikavu, sufuria nzito, mwiko, na kikombe chake. Karanga tutazichambua pale pale pamoja, hata zile mtakazosema mumekwisha kuzichambua nyumbani.