Kidonge Kikae Katika Kopo Lake: Mazungumzo Kuhusu Lamivudini



Leo tunazungumzia lamivudini, mojawapo ya dawa za kufubaza Virusi vya UKIMWI (VVU). Wengi huimeza bila kulijua jina lake, kwa kuwa imo katika kidonge kimoja pamoja na tenofovia na dolutegravia. Kidonge hicho kina miligramu 300 za lamivudini, nacho humezwa mara moja kwa siku. Lamivudini hutumika pia dhidi ya virusi vya homa ya ini aina ya B.

Kikemia, lamivudini ni nukleosidi iliyobadilishwa. Nukleosidi za asili ni mithili ya matofali ambayo kwayo chembe hai hujenga vinasaba vyake. Wanakemia walifuata umbo la mojawapo, iitwayo sitidini, wakaweka salfa mahali pa kaboni katika pete ya sukari yake. Kirusi kinapojinakili hulipokea tofali hilo kana kwamba ni la asili. Hata hivyo, halina mahali pa kushikizia tofali linalofuata, na ujenzi hukwama hapo. Kirusi hakifi, bali huzuiwa kuongezeka. Dawa ikikosekana mwilini, kazi yake huanza upya, na huenda kikajibadili hata dawa isikiweze tena.

Kwa sababu hiyo, utunzaji wa kidonge ni sehemu ya tiba. Twafahamu kwamba wapo wanaohamishia vidonge katika karatasi au mfuko wa plastiki, si kwa uzembe, bali kwa kuhofia mlio wa kopo ndani ya basi au katika nyumba ya kupanga. Hofu hiyo hatuidharau. Lakini nje ya kopo, vidonge hupatwa na unyevu, na hupoteza jina, kipimo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Afadhali kulivingirisha kopo kwa kanga na kuliweka katikati ya nguo, mlio utapungua. Mtoa huduma naye aelezwe shida hiyo, ili mtafute njia pamoja.

Tunashauri yafuatayo:

1. Kopo lifungwe vizuri, na kifuko cha kufyonza unyevu kibaki ndani. Kifuko hicho hakiliwi.

2. Dawa iwekwe mahali pakavu pasipozidi nyuzi joto 30, mbali na jiko, jua na watoto.

3. Aliyesahau dozi aimeze mara akumbukapo; wakati wa dozi inayofuata ukiwa umekaribia, asubiri hiyo. Asimeze mbili kwa pamoja.

4. Mwenye maradhi ya figo amweleze daktari, kwa kuwa lamivudini hutolewa mwilini hasa kupitia figo.

5. Mwenye homa ya ini aina ya B asiache dawa bila ushauri wa daktari. Ini laweza kudhurika vibaya.

6. Dawa iliyokwisha muda wake irudishwe kituoni. Isitupwe chooni wala kuchomwa nyumbani.

7. Dawa hii asigawiwe mtu mwingine, hata awe mwenzi.

Kopo ambalo lakiri yake imekatika kabla ya kufunguliwa, au vidonge vilivyobadilika rangi au kumomonyoka, visitumike. Virudishwe vilikotolewa siku hiyo hiyo ili vibadilishwe, dozi isikatike.