Kidonda cha Kioo cha Jicho

Leo tutazungumza habari za kidonda cha kioo cha jicho.

Mbele ya mboni pana ngozi nyembamba, angavu kama kioo cha dirisha. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Mwanga hupita hapo, nasi tukaona. Kioo hiki kikiharibika, jicho haliwezi kuona vizuri, hata kama sehemu zake nyingine ni nzima.

Tuseme mtu anapura mpunga. Kapi linaruka na kumkwaruza jicho. Yeye asema, "Si kitu, litapoa." Lakini vijidudu viitwavyo bakteria hupenya katika mkwaruzo ule. Jicho huwa jekundu, huuma, hutoa machozi, na mwanga huliumiza. Kisha doa jeupe hutokea. Hicho ndicho kidonda. Bakteria wakali waweza kutoboa kioo kwa siku chache.

Basi afanye nini? Asilifikiche jicho. Alioshe kwa maji safi, aende zahanati siku ile ile. Asitie maji ya majani, wala maziwa ya mama, wala mkojo. Asiazime matone ya jirani. Matone mengine yana steroidi: hupunguza wekundu, lakini huwapa vijidudu nguvu.

Kidonda kikisha kuanza, kazi ni kubwa. Daktari hukikwangua kidogo, akatazama kwa darubini, maana ukungu nao huleta kidonda kama hicho, na dawa yake ni nyingine. Ikiwa ni bakteria, mgonjwa hutiwa matone ya kuwaua kila saa, mchana na usiku, siku za kwanza. Hata akipona, kovu laweza kuziba mwanga.

Kuzuia ni rahisi zaidi. Huko Bhaktapur, nchi ya Nepal, watumishi wa afya wa vijijini walifundishwa kutambua mkwaruzo na kutia malhamu ya kloramfenikoli mara 3 kwa siku, kwa siku 3. Habari zake zilichapishwa mwaka 2001. Watu 284 walitibiwa kabla ya saa 18 kupita. Hata mmoja hakupata kidonda. Miongoni mwa waliochelewa, wengine walipata.

Sasa jadilianeni darasani. Mtu wa kijiji chenu akiumia jicho asubuhi, aweza kufika zahanati kabla ya jua kuchwa? Kama hawezi, ni nani atakayempeleka?