Hofu ya Chanjo: Uliza, Kisha Umpeleke Mtoto

Leo tunazungumza juu ya hofu ya chanjo.

Mwezi wa Machi mwaka 2021, Kenya ilipokea chanjo za kwanza za Korona. Lakini kabla sindano hazijafika vijijini, uvumi ulikuwa umeshafika. Wengine walisema ukidungwa hutazaa tena. Wengine wakasema aliyechanjwa atakufa baada ya miaka miwili. Miaka hiyo imepita, na waliochanjwa tunaishi nao. Kina mama waliochanjwa wamepata mimba na kujifungua, na utafiti haukuonyesha kwamba chanjo hiyo huzuia uzazi.

Hata hivyo, si kila hofu ilikuwa uvumi. Mwezi huo huo, nchi kadhaa za Ulaya zilisimamisha kwa muda chanjo ya AstraZeneca, ambayo ndiyo tuliyoanza nayo hapa, ili kuchunguza visa vya damu kuganda. Ilibainika kuwa madhara hayo ni ya kweli, ila hutokea kwa nadra sana. Kwa hivyo mama anayeuliza si mjinga. Kuuliza ni haki yake. Lakini swali alipeleke kwa muuguzi, si kwa jirani aliyesikia kwa jirani.

Hatari kubwa ni hofu ya Korona kuhamia kwa mtoto mchanga. Surua haingoji uvumi uishe. Huenea kwa hewa, na huweza kuleta nimonia, upofu, hata kifo. Polio nayo hupooza mtoto na haina tiba.

Sasa chukua kijitabu chako cha kliniki. Mtoto huchanjwa anapozaliwa, kisha akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9, na tena miezi 18. Hiyo ya miezi 18 wengi huisahau, kwa sababu mtoto tayari anakimbia.

Je, mtoto wako aliruka chanjo? Usikae nyumbani kwa kuogopa kukemewa. Mlete. Muuguzi ataangalia kijitabu na kuendelea pale mlipoachia.

Baada ya sindano, mtoto anaweza kupata joto kidogo au kuvimba alipodungwa. Hali hiyo huisha kwa siku chache. Usipake kitu chochote pale. Akipata degedege, akikataa kunyonya, au joto likizidi, mrudishe kituoni mara moja.

Na ikiwa mume au mama mkwe ndiye anayekataa, usigombane naye. Njoo naye kliniki, aulize mwenyewe.

Kumbuka, kinga ni bora kuliko tiba. Hadi wiki ijayo, kwaherini.