Tarakimu Sitini: Mita ya LUKU Ilipobadilishwa

Mazungumzo na watumiaji wa umeme, Kilwa Masoko

 

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo lililozua maneno mengi barazani mwaka 2024. Mtu alinunua umeme kama alivyozoea, akitarajia tarakimu 20. Akaletewa tarakimu 60, katika makundi matatu. Wapo waliodhani mtandao umekosea. Wapo waliodhani ni utapeli, wakaufuta ujumbe. Wapo walioingiza kundi la mwisho peke yake, mita ikalikataa. Na wapo walioamini kwamba uniti zao zimeibwa.

Siwacheki hata mmoja wao. Mita ni kifaa kilichomo nyumbani mwako, na fedha iliyomo ni jasho lako. Kifaa hicho kikibadilishwa tabia, una haki ya kuuliza kulikoni.

Sababu yenyewe ni hii. Kila namba ya umeme unaonunua hubeba ndani yake alama ya wakati iliponunuliwa, ili isiweze kutumika mara mbili. Mita za aina yetu, zinazotumika katika nchi nyingi duniani kuanzia Afrika Kusini ambako mfumo huu ulianzia, huhesabu wakati huo kwa dakika, tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi ya kuhesabia ina kikomo: dakika milioni 16 na ziada. Nafasi hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo haikufanyiwa maboresho kabla ya siku hiyo haiwezi tena kupokea namba mpya za umeme. Kwa hiyo makundi mawili ya mwanzo yalikuwa ya kuibadilisha mita, na la tatu ndilo lililobeba uniti ulizolipia. Ndiyo maana mpangilio ulikuwa na maana: la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu.

Sasa niyajibu maswali matatu ninayoulizwa mara nyingi.

La kwanza: je, uniti zilizokuwamo katika mita zilipotea? Hapana. Maboresho hayafuti uniti zilizokwisha kuingizwa. Ila namba iliyonunuliwa zamani na kuwekwa akiba kwenye karatasi haipokelewi tena baada ya mita kubadilishwa. Mwenye namba ya namna hiyo aende na risiti yake katika ofisi ya TANESCO.

La pili: mbona uniti zimekuwa chache kuliko mwezi uliopita? Hapa tusikimbilie kuilaumu mita. Soma risiti mstari kwa mstari. Utaona kodi ya ongezeko la thamani na tozo nyingine. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo nayo hukatwa kupitia LUKU, na asiyenunua umeme miezi miwili au mitatu hukuta deni la miezi hiyo linakatwa kwa pamoja. Ukiishaisoma risiti na hesabu bado haikai, hapo una hoja ya kupeleka mbele.

La tatu: nyumba iliyokuwa imefungwa itakuwaje? Swali hili ni letu hasa, watu wa pwani. Mvuvi huenda dago miezi kadhaa, na wengine huhamia mashambani msimu wa korosho. Tangazo la redioni halimfikii kila mtu aliyeko huko. Akirudi akakuta mita inakataa namba, asiigonge wala asiifungue. Aandike namba ya mita, aende TANESCO au apige 180, aeleze kwamba mita yake haikubadilishwa.

Ndugu zangu, kuna watu wanaoishi kwa hofu za wenzao. Chukulieni mfano wa mama muuza samaki mwenye jokofu moja. Umeme umekatika saa kumi alasiri, mita inakataa namba, na samaki wataharibika kabla ya alfajiri. Akitokea kijana akasema, "Nipe elfu ishirini nikufungulie," mama atatoa. Sikilizeni vizuri: tarakimu za maboresho hazikuuzwa, zilitolewa bure pamoja na manunuzi ya kawaida. Mtumishi halali huonyesha kitambulisho, na wala hahitaji namba yako ya siri ya simu. Nanyi mawakala, msimkatie mteja karatasi mkampa mstari wa mwisho tu. Mpeni yote, na kama ni mzee, msomeeni.

Nitamaliza kwa jambo ninaloliona kubwa kuliko tarakimu zenyewe. Wengi wetu tulinung'unika, lakini wachache walilalamika. Manung'uniko huishia barazani. Malalamiko huandikwa, hupewa namba, na hudai jibu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kila nyumba iwe na daftari: namba ya mita, tarehe ya kununua, kiasi ulicholipa na uniti ulizopata. Ukipata tatizo, anza na TANESCO na uombe namba ya lalamiko lako. Usiporidhika, peleka lalamiko lako EWURA. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA CCC, liko kwa ajili ya kukuelekeza na kukusemea.

Nasi tunaotoa huduma na kuzisimamia tuna somo letu. Mabadiliko yanayoingia nyumbani kwa mtu yatanguliwe na maelezo, kwa lugha yake, mahali anapopita: dikoni, sokoni, msikitini na kanisani. Gesi ya Songosongo, kisiwa cha wilaya hii, imekuwa ikizalisha umeme wa taifa tangu 2004. Haifai mtu wa Kilwa awe mgeni mbele ya mita yake mwenyewe.

Mwenye risiti mkononi na asogee mbele, tuisome pamoja.