Waliotoka Wakarudi: Jeraha la West Nile na Kupona Kwake



Yatakayotajwa hapa si mageni kwa wazee wa Arua na Koboko, lakini vijana wengi huyasikia nusu nusu tu. Serikali ya Idi Amin, ambaye asili yake ni Ukakwa wa Koboko, iliangushwa Aprili 1979, na lawama zake zikatwikwa jimbo zima. Oktoba 1980 waliokuwa askari wake waliingia kutoka ng'ambo ya mpaka. Na majeshi ya serikali mpya yalipolipiza kisasi hayakupambanua askari na mkulima. Watu wakahama kwa maelfu, wengine Zaire upande wa Aru, wengine Sudan upande wa Yei. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Wakatoliki ya Ombaci, jirani na mji wa Arua, wakauawa humo humo.

Katika miaka ya 1980 wengi walirudi. Nyumba zilikuwa zimeanguka, mashamba yamekuwa msitu. Muhogo ulipandwa upya, paa likaezekwa. Hayo yaonekana kwa macho. Lakini mtu aliyeponea chupuchupu huwa na maradhi asiyoweza kumwonyesha mganga: kushtuka usiku, hasira isiyo na sababu, na ukimya ambao watoto hudhani ni ukali.

Mjane wa Kiislamu alikuwa na mtihani mwingine. Eda ni miezi minne na siku kumi. Je, ataihesabu tangu lini, naye hajui mumewe amekufa au yu hai? Habari ya kifo ilipothibitika, hata baada ya miaka, ndipo ilipoonekana faida ya khitma na sala ya ghaibu. Maiti asiye na kaburi akatajwa jina lake mbele ya jamaa, na mama akapata pahali pa kulia. Wanaodai kuwa dawa ya msiba ni kusahau hawajakaa na wajane hao.

Bunduki hazikunyamaza upesi. Sheria ya msamaha ilitoka mwaka 2000, na mapatano ya Yumbe yakatiwa saini Desemba 2002.

Kisha mwaka 2016 vita vya Sudan Kusini vikawatoa watu wa Yei na Kajo-Keji, nao wakaja upande huu. Katika miezi michache Bidibidi, wilaya ya Yumbe, ikapokea zaidi ya watu 270,000, juu ya ardhi ya ukoo iliyotolewa na wenyeji, miongoni mwao wale wale waliokuwa wakimbizi Sudan. Ni kweli, kuni na maji huleta ugomvi, wala haifai kuficha. Lakini mzee anayemwonyesha mgeni mpaka wa kiwanja chake hahitaji kuelezwa jinsi mgeni huyo anavyolala usiku.